Viporo vya Kichwani

Wanaonijia kulalamika kwamba akili haitulii kazini huwa wameshajitibu wenyewe kabla. Wamezima mlio wa simu, wameanza kuamka saa kumi alfajiri, wamejiita wavivu. Sisi wa saikolojia ya kazi huanzia kwingine: una mambo mangapi uliyoyaanza, ukayaacha katikati?

Mchukue fundi cherehani wa Kibada, huku kwetu Kigamboni, msimu wa harusi. Satini imetandazwa mezani, futi liko shingoni. Kitambaa kina maua makubwa na mteja anataka yalingane, kwa hiyo fundi anakata mkono mmoja mmoja. Amemaliza wa kushoto, simu inaita. Mteja wa Tungi anaulizia gauni lake. Dakika moja, yamekwisha. Hajashika mkasi, kundi la WhatsApp la kamati ya harusi linalia: mtu kabandika upya orodha nzima ya wachangiaji, toka namba 1 mpaka 64, kisa mmoja aliyeahidi elfu hamsini kapunguza ishirini. Fundi anaitupia jicho, anaiweka simu pembeni, anakata mkono wa pili. Wa kushoto tena. Satini inang'aa upande mmoja tu, huwezi kuigeuza.

Wakati anakata, simu ilikuwa kimya. Kichwani ndiko mazungumzo yalikuwa yanaendelea. Mtafiti Sophie Leroy aliandika kuhusu hali hii mwaka 2009: watu waliohamishwa kwenda kazi nyingine kabla ya kumaliza ya kwanza walibaki wakiiwaza ile ya kwanza, na ya pili ikapwaya. Mwaka 2015 Cary Stothart na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida wakaonyesha kwamba hata mlio wa simu ambayo mtu hakuigusa unatosha kumwongezea makosa. Ile kauli ya "mbona sikuifungua" haisaidii kitu.

Ndiyo maana sina hamu na video za kurahisisha maisha, zile za nyumba nyeupe zenye kiti kimoja na ua moja. Mwenye vyumba viwili Vijibweni, watoto wanne na shemeji aliyekuja kutafuta kazi, atagawa nini? Cha kupunguza ni viporo, yale mambo uliyoyaacha katikati.

Na kiporo si lazima kiishe ndipo kikuachie. Mwaka 2018 Leroy na Theresa Glomb walieleza njia nyepesi: kabla ya kuhama, andika umeishia wapi na utakaporudi utaanza na nini. Ukishaandika, akili inakubali kuachia. Fundi wetu anayo chaki tayari. Kabla ya kupokea simu, aandike upande wa ndani wa kitambaa: "kushoto tayari, bado kulia". Hakuna mteja atakayekasirika kwa sekunde hizo.

Kigamboni ina kiporo chake cha kila asubuhi: kuvuka kwenda mjini, Feri au daraja? Toka Daraja la Nyerere lifunguliwe Aprili 2016, wengi huanza siku kwa kuuliza foleni ya pantoni ikoje, kuhesabu tozo, kubadili mawazo wakiwa njiani. Chagua njia moja Jumapili, uishike wiki nzima, labda tu usikie kivuko kimeharibika. Siku nyingine utachelewa kidogo. Nadhani ni bei nafuu kuliko mjadala wa kila siku. Na ukiwa kwenye foleni ya Feri, andika mambo ya nyumbani uliyoyaacha nusu, kwenye karatasi. Ukiyaandika kwenye simu utaishia kwenye kundi la kamati.

Kamati nayo inarekebishika. Mhazini atume orodha mara moja, usiku. Atakayelalamika ni yule anayependa jina lake lionekane mara kwa mara.

Kuhusu mlio wa simu, mwenye mgonjwa nyumbani asiizime. Awape watu wa nyumbani mlio wao, wengine wote wabaki kimya. Wakala wa pesa ndiye mgumu, maana simu ndiyo duka lake. Kwake nasisitiza jambo moja: muamala ukianza, hata salamu isubiri mpaka ujumbe wa kuthibitisha uingie. Tarakimu moja ikipishana, pesa imekwenda kwa mtu asiyemjua, na huenda siku nzima ikaishia kwenye simu za huduma kwa wateja.