Huo Moyo Unaosikika ni wa Nani?

Mama akiwa leba, nasi husikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa mashine, au kwa ile pembe ndogo iliyobuniwa mwaka wa 1895 na daktari Mfaransa, Adolphe Pinard. Lakini si pembe wala mashine inayotoa uamuzi. Anayeamua ni binadamu, na binadamu hukosea.

Kosa la kwanza ni kusikia moyo wa mama na kudhani ni wa mtoto. Moyo wa mtoto kwa kawaida hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Mama mwenye uchungu mkali au homa, moyo wake pia unaweza kufika 120. Basi mtu anasema, "Mtoto yuko sawa," kumbe mtoto anazidiwa. Kinga yake haihitaji pesa: shika mkono wa mama, uhesabu mapigo yake wakati huo huo. Hesabu zikilingana, anza kusikiliza upya.

La pili ni haraka. Mtoto aliyechoka huonyesha shida hasa uchungu unapokaza na unapoachilia. Ukisikiliza kidogo tu, tumbo likiwa limetulia, hutaijua. Sikiliza dakika nzima.

La tatu ni kujaza chati baadaye, kwa kukisia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2020 unasema mtoto asikilizwe kila dakika 30, na mama akianza kusukuma, kila dakika 5. Nasi mmoja akiwa na akina mama wengi, hayo ni magumu. Lakini namba ya kukisia ni hatari kuliko nafasi tupu, kwa sababu atakayeingia zamu ataiamini.

Hata mashine inayochora mistari kwenye karatasi haimalizi shida. Wataalamu wawili huweza kuisoma karatasi moja, wakapingana.

Akina mama, na ninyi akina baba mnaowasindikiza, ulizeni kwa heshima: "Sista, mapigo ya mtoto ni mangapi? Na ya mama je?" Kuuliza hivyo si ugomvi. Kutoka Masinga mpaka hospitali kuu ya Machakos ni mbali, na shida ikijulikana mapema, gari litaitwa mtoto akiwa bado na nguvu.