Keki Mwishoni mwa Mbio

Barabara ya Hauptallee, ndani ya bustani ya Prater mjini Vienna, imenyooka kwa zaidi ya kilomita 4, tambarare, yenye miti kila upande. Hapo ndipo Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, Oktoba 12, 2019. Siku za kawaida hujaa wakimbiaji wasiojulikana na mtu, nao wana kishawishi chao: kutoka mwisho wa barabara hiyo hadi katikati ya jiji ni kama kilomita 7, na huko ndiko ziliko keki.

Maarufu kuliko zote ni Sachertorte, keki ya chokoleti inayosimuliwa kuwa ilibuniwa na Franz Sacher mwaka 1832. Mwanawe Eduard aliitengeneza akiwa katika duka la Demel, kisha akafungua hoteli yake, Hotel Sacher, mwaka 1876. Baadaye hoteli hiyo na Demel zikaburutana mahakamani kwa miaka kuhusu nani anauza ile ya asili, hadi zilipoafikiana mwaka 1963. Anayetaka kuzitofautisha aitazame keki iliyokatwa: ya hotelini ina jamu ya aprikoti katikati pia, ya Demel ina jamu chini ya chokoleti ya juu tu.

Vipi basi mtu aunganishe mazoezi na keki? Jibu liko tumboni. Siagi, mayai na chokoleti vina mafuta mengi, na mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo. Mtu akikimbia, damu nyingi huelekezwa miguuni na utumbo hubaki na kidogo. Anayekula kipande njiani kisha akaendelea na mbio ajitayarishe kwa kichefuchefu. Keki iwe kituo cha mwisho.

Hapo ina kazi yake. Baada ya mbio ndefu, akiba ya wanga kwenye misuli na ini huwa imepungua sana. Mwenye mazoezi mengine baada ya saa chache hushauriwa kula takriban gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito wake kila saa, kwa saa chache za mwanzo. Kipande kikubwa hukaribia gramu 50. Protini yake ni haba, kwa hiyo kahawa ya maziwa pembeni si anasa tupu. Wanariadha wa Kenya hawajawahi kuiogopa sukari: utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji wa Kikalenjin ulionyesha kwamba karibu asilimia 20 ya nishati yao ilitokana na sukari, nyingi ikiwa ndani ya chai.

Lakini wanaokimbia ili "wailipie" keki, hesabu inawageuka. Mtu wa kilo 60 hutumia takriban kalori 60 kwa kilomita, yaani 420 kwa safari nzima ya kutoka Prater. Kipande kimoja huweza kuzimaliza zote, na hapo krimu haijawekwa. Tena mwili haukuhitaji fidia ya haraka kwa mbio fupi hivyo. Chakula cha jioni kingetosha. Basi keki na iliwe kwa utamu wake.

Lililobaki ni la nguo. Foleni ya Hotel Sacher mara nyingi hufika nje, na mkimbiaji aliyelowa jasho akisimama humo majira ya baridi atatetemeka kabla hajapata meza. Fulana kavu kwenye mkoba mdogo inatosha, pamoja na noti chache.