Kuosha madirisha Ruiru na Thika: Kabla ya kutaja bei, jua mwezi wako unataka ngapi

UKIULIZWA leo unaosha madirisha ya nyumba ya vyumba vitatu kwa pesa ngapi, utajibu nini? Wengi huangalia geti, huangalia gari lililoegeshwa ndani, kisha hutaja bei wanayodhani haitamfukuza mteja. Mteja naye hajakosa la kusema: “Kijana, punguza, si ni maji na sabuni tu?” Unapunguza. Jioni una noti kadhaa mfukoni na unaona siku haikuwa mbaya.

Shida ni kwamba bei hiyo umeitoa kwa uso wa mteja. Kodi ya keja yako, nauli yako na siku ya mvua hazikuulizwa. Ndiyo maana kuna vijana wanaochapa kazi wiki nzima na bado tarehe tano wanaomba Fuliza iwaokoe.

Kazi yenyewe ipo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 Thika. Pita Membley, Kamakis au Kimbo uone magorofa yanavyoota. Panda hadi Section 9 na Ngoingwa kule Thika uone nyumba za kujisimamia zenye vioo vikubwa. Kila mahali kuna ujenzi, barabara za udongo na malori ya mawe, na vumbi la Januari na Februari halibagui kioo cha tajiri wala cha maskini. Swali ni kama kazi hiyo itakulipa vya kutosha kuishi.

Mshahara unaouacha

Anza na kipimo cha kisheria. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 1, 2024 ilimweka msafishaji kwenye kundi la vibarua wa kawaida. Kwa miji iliyokuwa manispaa, Thika ikiwemo, na Ruiru ambayo ilitajwa kwa jina, kima cha chini kiliwekwa kuwa takriban sh14,867 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba.

Ukisikia hivyo unaweza kusema, “Ah, nikipata elfu ishirini kwa kujitegemea nimewapita.” Pole pole. Aliyeajiriwa ana siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Akiugua, sheria inampa angalau siku saba za malipo kamili na saba za nusu malipo. Mwajiri anamwongezea kwenye NSSF kiasi sawa na anachokatwa. Ndoo, sabuni na ngazi si zake. Akianguka kazini, Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inamtambua.

Wewe uliyejiajiri, hayo yote yanatoka mfuko mmoja: ule unaotia pesa za madirisha.

Anzia kwa mwezi

Chukua daftari. Tufanye hesabu ya kijana mmoja, hana mtoto, anaishi bedsita Ruiru. Takwimu hizi ni za mfano; badilisha uweke zako.

Matumizi ya nyumbani:
• Kodi: sh7,000
• Chakula, sh300 kwa siku: sh9,000
• Stima na maji: sh1,200
• Simu na bando: sh1,000
• Nguo, kinyozi, sabuni ya kuogea: sh1,300
• Kutuma nyumbani: sh2,000
Jumla: sh21,500

Matumizi ya kazi:
• Nauli, sh200 kwa siku 20: sh4,000
• Sabuni ya maji, vitambaa, raba ya kukaushia kioo: sh1,200
• Kupigia wateja na kuweka picha za kazi mtandaoni: sh800
• Akiba ya kununua vifaa vingine vikichakaa: sh1,000
Jumla: sh7,000

Hiyo ya mwisho wengi huiruka. Ikiwa ngazi, ndoo, fito na vifaa vingine vilikugharimu sh18,000, na vitadumu mwaka mmoja na nusu, basi kila mwezi umekula sh1,000 ya vifaa hata kama hukununua kitu. Usipoiweka kando, siku ngazi itakapovunjika utaenda kukopa. Mkopo wa kibinafsi wa Hustler Fund, kwa mfano, unatakiwa kurudishwa ndani ya siku 14. Ngazi mpya haiwezi kujilipa kwa wiki mbili.

Kinga yako:
• Bima ya afya ya SHA: sh600
• Uzeeni: sh750
• Akiba ya dharura: sh2,150
Jumla: sh3,500

Tangu Oktoba 2024, mchango wa SHA ni asilimia 2.75 ya mapato, na hauwezi kuwa chini ya sh300 kwa mwezi. Asiye na payslip kwa kawaida hutakiwa kulipa ya mwaka mzima, kwa hivyo hizo sh600 ni sh7,200 zitakazohitajika kwa mpigo. Za uzeeni nimehesabu sh25 kwa siku, kiwango ambacho NSSF ilizindua nacho mpango wa Haba Haba kwa walio nje ya ajira rasmi.

Jumlisha: sh21,500, sh7,000 na sh3,500. Unapata sh32,000. Hiyo si pesa ya raha. Hakuna nyama choma Kamakis humo, wala viatu vipya. Ni pesa ya kuishi bila deni, na ni zaidi ya mara mbili ya kima hicho cha chini cha 2024.

Mwezi wako hauna siku 26

Ukiondoa Jumapili, mwezi una siku kama 26 za kazi. Ukigawanya sh32,000 kwa 26 unapata karibu sh1,231 kwa siku, na unafurahi. Lakini lini umewahi kuosha madirisha siku 26 mfululizo?

Toa siku tatu za mvua. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huwa zinazidi hizo. Toa mbili za kwenda kuangalia kazi na kukubaliana bei, ambazo nauli unalipa lakini hulipwi. Toa tatu ambazo mteja ameahirisha, hakuna simu, au mgongo umekataa. Umebaki na siku 18.

Sasa gawanya sh32,000 kwa 18. Ni karibu sh1,780 kwa siku. Hicho ndicho kiwango chako halisi. Ukilipisha kana kwamba utafanya kazi siku 26, utamaliza mwezi na sh22,150 hivi. Pengo la karibu sh10,000 ndilo linalokupeleka kwa shylock, na hutajua lilitoka wapi kwa sababu kila siku uliyofanya kazi ulilipwa.

Dirisha moja ni ngapi?

Hapa ndipo bei inapopata maana. Dirisha la nyumba nyingi za huku lina fremu ya chuma, vioo vidogo vidogo na grili ndani. Si la kupitisha raba mara moja. Kuliosha ndani na nje, fremu na grili pamoja, tuseme ni dakika 15.

Kwa sh50 kila dirisha, unahitaji madirisha 36 kufikisha sh1,780. Hayo ni saa tisa za kuosha tu, kabla hujahesabu kuchota maji, kuhamisha ngazi na kungoja mwenye nyumba asogeze kochi. Kwa sh100, ni madirisha 18, saa nne na nusu. Kijana anayeosha kwa sh50 anaweza kuonekana ana bidii kuliko wewe, ilhali anafanya siku mbili za kazi kwa malipo ya moja.

Huenda bado unalala kwa wazazi na kodi si yako. Unaweza kusema, “Mimi sh50 inanitosha.” Inakutosha leo. Siku utakayohama utawaambia wateja nini? Watakuwa wamezoea sh50, na mwenzako mwenye kodi atakuwa ameshaacha kazi.

Nyumba iliyotoka kujengwa ni kazi tofauti kabisa. Kioo kina simiti, madoa ya rangi na gundi ya karatasi, na unakwangua kwa wembe taratibu usije ukakichora. Dirisha moja linaweza kula nusu saa. Usikubali bei ya dirisha la kawaida kwa sababu fundi anataka kukabidhi nyumba kesho. Kagua kwanza, piga picha ya vioo vilivyokwisha kuchorwa, kisha utaje bei.

Mtaa mmoja kwanza

Kuna njia mbili za kuongeza mapato: kupandisha bei au kupunguza muda usiolipwa. Ya pili ndiyo ambayo mteja hawezi kukubishia.

Ukiosha asubuhi Thika mjini na mchana ukakimbilia Membley, nauli yako inaweza kupanda kutoka sh200 hadi sh400. Kwa siku 18, hizo sh200 za ziada ni sh3,600, nusu ya kodi ya bedsita. Na makanga akiona ngazi ataitisha nauli yake pia. Chagua Jumatatu hadi Jumatano za Thika, zilizobaki za Ruiru, au ushike mji mmoja kabisa.

Maduka ndiyo uti wa mgongo. Chukua maduka kumi kwenye barabara moja: chemisti, saluni, duka la simu, ofisi ya mawakili. Kila moja lina kioo cha mbele kinachochafuka kila wiki. Kwa sh100 kila moja, asubuhi moja ni sh1,000. Mchana osha nyumba ya madirisha tisa iliyo karibu, sh900. Umefikisha sh1,900, umepita lengo, na nauli umelipa mara moja. Muhimu zaidi, duka hilo litakuita tena wiki ijayo. Nyumba inaweza kungoja miezi mitatu.

Kwenye ploti, usibishe mlango kwa mlango. Ongea na msimamizi wa ploti. Wapangaji sita wakikubali siku moja, unaweza kuwapunguzia kidogo na bado ukabaki na faida, kwa sababu ngazi imesimama mahali pamoja.

Ghorofa ya tatu si ya ngazi

Kuna pesa huko juu, na ndizo zinazowashawishi vijana kusimama kwenye ukingo wa dirisha bila kamba. Kataa. Kazi ya kuning’inia inataka mafunzo, mikanda na kamba zilizokaguliwa, na mtu wa pili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamgusa hata aliyejiajiri, lakini fidia ya mwajiriwa haikufikii. Ukivunjika mguu, miezi mitatu bila kazi ni sh96,000 kwa hesabu yetu ileile. Hakuna dirisha la ghorofa ya tatu linalolipa hivyo. Osha la ndani, na la nje tumia fito ndefu ukiwa umesimama chini.

Weka pesa zako wazi

Tenganisha pesa za kazi na zako. Pochi la Biashara au till itakuonyesha mwisho wa mwezi kama ulifika sh32,000 au ulijidanganya. Ushuru wa mauzo, ule wa asilimia tatu, unaanzia biashara ya sh1 milioni kwa mwaka. Wewe kwa sh384,000 uko mbali. Lakini ukiwa na PIN ya KRA, ritani bado inajazwa kabla ya Juni 30. Na ukitaka shule au ofisi kubwa, jiandikishe eTIMS mapema, maana wataomba ankara ya huko kabla ya kukulipa.

Kwa hivyo mteja akikuambia tena kwamba ni maji na sabuni tu, huna haja ya kugombana naye. Maji na sabuni katika bei yako ni sehemu ndogo sana. Mwambie kwa upole bei ni sh100 kwa dirisha, ndani na nje, grili pamoja. Akikataa, mshukuru na uende duka linalofuata. Kuna kazi ambazo kuzikosa ni faida, na utazijua tu ukiwa na namba yako mwenyewe kwenye daftari.