Wayahudi Walioshukia Mombasa: Kweli au Uongo?

Filamu ya Kijerumani Nirgendwo in Afrika, iliyorekodiwa nchini Kenya na kutwaa Oscar mwaka 2003, iliwajuza wengi kwamba Wayahudi waliomkimbia Hitler waliwahi kuhifadhiwa hapa kwetu. Tangu hapo ya filamu na ya barazani yamechanganyika. Tuyachambue.

Walishukia bandari ya Mji wa Kale.
Uongo. Forodha ile ilikuwa ya majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi. Meli kubwa za Ulaya zilifunga gati Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, na safari ikaendelea kwa treni hadi bara.

Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi Uganda.
Nusu kweli. Mpango wa 1903 uliitwa wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, Kenya ya leo. Wajumbe walikuja kuikagua mwanzoni mwa 1905, na mwaka huohuo Kongamano la Kizayuni likaikataa. Wakimbizi wa miaka ya 1930 hawakuja kwa ahadi hiyo.

Walikuwa walowezi wenye mali.
Wengi hawakuwa nayo. Chukua familia ya Stefanie Zweig, ambaye riwaya yake ya 1995 ndiyo iliyozaa filamu hiyo. Baba yake, Walter, alikuwa wakili aliyezuiwa kazi na Wanazi. Huku Kenya, Rongai, akawa msimamizi wa shamba la mtu. Riwayani, joho lake jeusi la mahakamani anampa mpishi wake, Owuor. Mke wa Walter, aliyeagizwa friji, anashuka na gauni la dansi.

Serikali ya kikoloni iliwaona kama wahanga wa Hitler.
Uongo. Vita vilipozuka Septemba 1939, wanaume wenye uraia wa Ujerumani walizuiliwa kama maadui, Wayahudi wakiwamo. Baadhi ya wake na watoto waliwekwa hotelini Nairobi, Norfolk ikiwa mojawapo. Baadaye Walter huyohuyo akavaa sare za jeshi la Uingereza.

Filamu ni maisha yao jinsi yalivyokuwa.
Sivyo hasa. Ni hadithi iliyojengwa juu ya maisha ya kweli. Kumbukumbu zake hasa Zweig alizitoa mwaka 2012, miaka miwili kabla ya kufariki. Lakini msiba ni wa kweli: jamaa waliobaki Ulaya waliuawa. Habari zilikuja kwa maneno machache ya barua za Msalaba Mwekundu, kisha zikakatika. Hapakuwa na maiti ya kuzika, wala siku ya kuanua matanga.

Vita vilipoisha, walirudi kwao.
Uongo, na ndio unaorudiwa zaidi. Mwaka 1947 akina Zweig walihamia Frankfurt, Walter akawa hakimu. Mji wao wa Leobschütz ulikuwa umeshakuwa wa Poland. Stefanie naye alikuja Kenya kabla hajatimiza miaka sita, akalelewa na kusoma huku. Kwa Walter, kwao kulikuwa kumeshachukuliwa. Kwa binti yake, kwao ndiko walikokuwa wakikuacha.