Umelipa, Lakini Rekodi Inasema Unadaiwa

Tuseme mfanyabiashara wa Litein amelipia kibali chake kwa simu jioni ya tarehe 31 Machi. Ujumbe wa M-Pesa umeingia papo hapo. Asubuhi, afisa wa mapato akifungua kompyuta anaona jina hilo bado lina deni, na faini imeanza kuhesabiwa. Pesa ziko wapi?

Mara nyingi zimefika. Ambacho hakijafanyika ni kazi ya usiku. Mifumo mingi ya malipo ina programu fupi inayoamshwa watu wakiwa wamelala, isome malipo ya siku, iyalinganishe na namba za vibali, kisha iyaingize kwenye hifadhidata. Katika seva za Linux, anayeiamsha ni cron, programu iliyobuniwa miaka ya 1970 na ambayo bado inatumika duniani kote.

Ili ifanye kazi, programu hiyo fupi lazima iambiwe hifadhidata iko kwenye mashine gani, iingie kwa jina na nywila ipi, na vifaa vyake viko wapi. Maelezo hayo huitwa vigeu vya mazingira. Fundi anapoingia kwenye seva kwa akaunti yake, mengi hujiwekea yenyewe, na ndiyo maana akiijaribu mchana haina shida. Cron haipitii mlango huo. Huanza na maelezo machache sana.

Ni sawa na kibarua mgeni aliyeshushwa shambani alfajiri. Kuchuma majani mawili na chipukizi anajua, lakini hakuna aliyemwonyesha kipande cha leo wala kituo cha kupimia. Akisimama tu, ni nafuu. Akichuma kipande cha jirani ni balaa, na programu pia inaweza kuandika malipo halisi katika hifadhidata ya majaribio.

Kuna pia suala la saa. Seva nyingi hufuata saa za UTC, zilizo nyuma ya saa za Kenya kwa saa tatu. Isipoelezwa vinginevyo, kazi iliyopangwa saa sita usiku huanza saa tisa usiku kwetu, na malipo ya saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili yanaweza kuandikwa ya tarehe 31 Machi. Mlipaji atafurahi, mkaguzi wa hesabu hatafurahi.

Dawa yake si ngumu. Vigeu vyote huandikwa katika faili moja ambayo programu huisoma kwanza, na inayofunguliwa na akaunti ya kazi hiyo pekee. Nywila haiandikwi ndani ya programu yenyewe, kwa sababu programu hunakiliwa na kutumwa huku na huku. Nyuma ya nywila hiyo kuna majina, namba za vitambulisho na za simu za wakazi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayezihifadhi azilinde. Kisha fundi huijaribu katika mazingira matupu, kama cron ifanyavyo, na kuhakikisha kazi ikikwama kuna mtu anayepata taarifa asubuhi hiyo hiyo.

Mkazi anayekutana na hali hii asilipe mara ya pili. Ahifadhi ujumbe wa M-Pesa, ampe afisa msimbo wake wa herufi na tarakimu 10, na aombe utafutwe katika malipo ya siku hiyo kabla ya faini kuzungumziwa.