Tundu Hili Lilikuwepo?

Sebuleni kwa shangazi yangu, Magomeni, ilining'inia picha ya ndege wawili wenye shingo ndefu, imechorwa kwenye kipande cha hadibodi cha mraba. Aliinunua Oysterbay, pale Morogoro Stores, na hakuwahi kuiita sanaa. Aliiita "ndege wangu". Mvua ya masika moja ilivujisha paa, kona ya chini ya ubao ikavimba kama andazi. Mkia wa ndege mmoja nao hauna rangi aliyoipaka mchoraji. Ulichubuka, na binamu yangu akautengeneza kwa rangi iliyosalia kwenye kopo la geti.

Kwa muda mrefu niliihesabu picha ile kuwa imeharibika mara mbili. Baadaye nilipoanza kufuatilia kazi za wahifadhi wa sanaa ya kisasa, nikagundua kwamba neno "imeharibika" ndilo linalowasumbua kuliko kemia yote wanayoisoma.

Tuanze na kemia, maana hiyo walau ina majibu. Picha ya shangazi ni ya mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuwa na duka la vifaa vya wasanii. Alitumia hadibodi ya dari na rangi ya baiskeli. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhani mhalifu, lakini mtindo na makopo yake vilibaki kwa ndugu na wanafunzi wake. Rangi ile ni enameli ya alkidi, yaani polyesta iliyochanganywa na mafuta ya mimea. Ukiipaka, kiyeyushi chake huruka kwanza, ndiyo ile harufu inayopanda kichwani. Kisha mafuta huanza kunyonya oksijeni ya hewani, molekuli zikashikana moja baada ya nyingine mpaka zikawa wavu mmoja mgumu unaong'aa.

Kushikana huko hakukomi picha ikishauzwa. Huendelea polepole kwa miaka, na rangi huzidi kukakamaa. Juu ya ubao, ukakamavu huo unavumilika. Tatizo lilikuja wachoraji walipohamia kwenye kitambaa, kwa sababu mtalii anataka picha ya kuviringisha na kuitia kwenye begi. Enameli iliyozeeka ikiviringishwa hupasuka mistari. Ubao nao una kasoro zake: ni nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa joto, na zikipata maji hukumbuka kwamba zilikuwa nyuzi, zikajitanua. Na mchwa hawaulizi saini ya nani.

Haya yote maabara inaweza kuyasoma. Chembe ya rangi ndogo kuliko punje ya chumvi inatosha: ukiimulika kwa mionzi ya infraredi utajua ni alkidi au akriliki, ukiichoma na kuchambua moshi wake utajua hata aina ya mafuta. Rangi ya geti na rangi ya baiskeli huenda nazo zikatofautishwa. Ila kama mkia ule ufutwe au uachwe, mashine haina la kusema.

Kwa picha ya miaka 500 iliyopita mhifadhi ana mahali pa kuegemea. Mafuta ya kitani, madini yaliyosagwa, ubao au turubai: vitu vilevile karne baada ya karne, na makubaliano ya jumla kwamba mchoraji alitaka kazi yake idumu. Karne ya 20 ilivunja yote mawili. Wasanii waliingia kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Picasso alitumia Ripolin, rangi ya nyumba. Wengine walichukua plastiki, mafuta ya nguruwe, chokoleti, televisheni, mirija ya taa ambayo viwanda vimeacha kuitengeneza. Na baadhi yao hawakutaka kazi idumu hata kidogo.

Eva Hesse alikuwa katikati ya utata huo. Alizaliwa Hamburg mwaka 1936, akafia New York mwaka 1970 akiwa na miaka 34 tu, na miaka yake ya mwisho alifanya kazi kwa utomvu wa mpira na fibaglasi. Utomvu wa mpira ulimpa ngozi laini inayopitisha mwanga. Ni kitu kilekile cha rababendi, na kila aliyewahi kufungua droo ya zamani anajua mwisho wa rababendi: kwanza hunata, kisha hugeuka kahawia, kisha hukatika ukiigusa. Oksijeni, ozoni na mwanga huishambulia minyororo mirefu ya mpira, mingine ikikatika na mingine ikifungamana ovyo. Hesse alilijua hilo. Alikiri kwamba alijihisi na hatia kidogo watu walipotaka kununua kazi zile, na papo hapo akasema hana uhakika kama kudumu kwa kazi ni jambo la maana kwake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, akafariki.

Kazi yake ya mwaka 1969, Expanded Expansion, ni pazia la kitambaa chepesi kilicholoweshwa mpira na kusimamishwa kwa nguzo za fibaglasi. Ilikaa ghalani kwenye makumbusho ya Guggenheim kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kuoneshwa tena mwaka 2022, baada ya wahifadhi kuitengeneza. Kilichooneshwa ni cha kahawia na kigumu, hali mikono ya Hesse iliacha kitu laini kinachopitisha mwanga. Wapo wanaosema ingeundwa upya kwa mpira mpya. Mimi nasita. Mikunjo ile aliitia kwa mkono wake, na nakala safi ingetuonesha mkono wa fundi mwingine.

Msanii Zoe Leonard hakuacha utata. Baada ya rafiki yake David Wojnarowicz kufariki kwa UKIMWI mwaka 1992, alianza kushona maganda ya matunda aliyokwisha kula: machungwa, ndizi, malimau, maparachichi. Aliyarudisha kwenye umbo la tunda kwa uzi, vifungo na zipu. Yalifika kama 300. Mhifadhi Christian Scheidemann alihangaika mpaka akapata njia ya kuyakausha na kuyagandisha yasioze zaidi. Leonard alipoona matokeo, alikataa. Kuoza ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Makumbusho ya sanaa ya Philadelphia yaliichukua hivyo hivyo, yakijua yananunua kitu kinachoondoka. Namwonea huruma Scheidemann kidogo: alifaulu mtihani, kisha akaambiwa swali halikuwa lile.

Huko Harvard kisa kilikwenda kinyume. Mwaka 1964 picha tano kubwa za Mark Rothko zilitundikwa kwenye chumba cha kulia chakula, juu ghorofani, chenye madirisha makubwa. Mapazia yalitakiwa kufungwa. Watu walitaka kuona mandhari. Kufikia mwaka 1979 zilipoondolewa, uwanja wa wekundu uliokolea ulikuwa umegeuka, sehemu fulani hadi buluu hafifu. Mshukiwa alipatikana maabara: litholi nyekundu, rangi ya bei ndogo iliyozoeleka kwenye wino wa kuchapia. Aina ya chumvi ya kalisi aliyoitumia Rothko huvunjika mwanga unapoipiga. Buluu aliyoichanganya nayo ilivumilia, ndiyo maana ilibaki peke yake.

Hapa hakuna aliyedai kwamba kupauka ni sehemu ya sanaa. Hata hivyo hakuna aliyethubutu kushika brashi. Picha hazikuwa na vanishi ya kutenganisha rangi ya Rothko na rangi ya mtengenezaji, kwa hiyo kila tone lingeingia moja kwa moja na lisingetoka tena, na mhifadhi hufundishwa kwamba asifanye lisiloweza kutenguliwa. Suluhisho lilikuwa mwanga. Walichukua picha za slaidi za mwaka 1964, ambazo zenyewe zilikuwa zimepauka, wakakokotoa rangi zake za mwanzo kwa kompyuta, wakailinganisha hesabu yao na mchoro wa sita uliowekwa mbali na jua. Kisha wakapima tofauti ya rangi, nukta kwa nukta, wakaiwasha kwa projekta juu ya turubai. Wageni waliofika mwaka 2014 waliona wekundu wa Rothko bila turubai kuguswa hata kwa unyoya. Kila siku saa kumi jioni projekta zilizimwa, na baadhi ya watu walikuwa wakingoja saa hiyo makusudi.

Ukivitazama visa hivi vitatu pamoja unaona kwa nini somo la historia ya sanaa ya leo limehamia maabara, na wanakemia nao wamejifunza kuhoji watu. Mwaka 1990 Carol Mancusi-Ungaro, akiwa kwenye makumbusho ya Menil huko Houston, alianza kuwarekodi wasanii wakiwa wamesimama mbele ya kazi zao: ufa huu unakukera? Kipande hiki kikivunjika, kinunuliwe kingine? Mazungumzo kama hayo sasa ni kifaa cha kazi sawa na darubini. Wachoraji wakongwe wa Tingatinga wanaokumbuka kopo la chapa gani lilitumika, duka la nani, na rangi ilichanganywa na nini ilipoadimika, hawatakuwepo milele. Maabara itatambua alkidi hata baada ya miaka 100, lakini haitajua kwamba rangi fulani ilitumika kwa sababu siku ile nyingine haikuwepo dukani.

Kwetu mtihani mgumu zaidi, nadhani, ni wa Michael Armitage. Mzaliwa wa Nairobi, mwaka 1984, huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinachotengenezwa na Waganda. Gome la ndani huvuliwa mtini, shina likafunikwa majani ya mgomba lipone, na gome likagongwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi litanuke na kulainika. Ni nguo ya wafalme na sanda ya wafu. UNESCO iliutambua ufundi wake mwaka 2005. Kwa mhifadhi aliyezoea turubai, lubugo inaogofya. Ni selulosi, na mafuta ya rangi yanapozeeka hutoa asidi inayoitafuna selulosi. Hiyo ndiyo sababu turubai ya kawaida hupakwa gundi kwanza. Tena haina uso ulionyooka. Ina makovu ya matawi, mashono ya fundi aliyeiziba ilipochanika wakati wa kugongwa, na matundu.

Armitage huyaacha matundu hayo, na mara nyingine huyapangia mchoro. Kwa hiyo kazi yake inaposafirishwa kwenda kuoneshwa, kama zilivyooneshwa kazi zake kwenye jumba la Royal Academy, London, mwaka 2021, mtu anayefungua kreti hana budi kuwa na picha za hali yake kabla haijafungwa, mbele na nyuma. Anasimama na tochi iliyolazwa ubavuni mwa kitambaa ili kivuli kioneshe kila kovu, anashusha kidole kwenye karatasi, anahesabu. Moja la gome. Moja la tawi. Moja, pembeni chini, hajui.