Dhana Kwamba Mtoto Haoni Rangi

Katika kila mkutano wa wazazi na waalimu ninaoalikwa kusema juu ya malezi yasiyo na ubaguzi, swali huwa ni lile lile, nalo huulizwa kwa adabu na yakini: ikiwa mtoto mdogo haoni rangi wala kabila, kwa nini tumfumbue macho kwa mambo ambayo moyo wake hauyajui? Nimelijibu kwa upole muda mrefu. Leo nasema waziwazi kwamba dhana hii ni batili, na dhara yake huwafika watoto wasioweza kujitetea.

Kenneth na Mamie Clark, mtu na mkewe, wanasaikolojia wa Marekani, waliwaonyesha watoto weusi 253, wa miaka 3 hata 7, wanasesere waliofanana kwa kila hali, isipokuwa baadhi walikuwa weupe wenye nywele za manjano, na wengine wa hudhurungi wenye nywele nyeusi. Walipoambiwa wamtoe aliye kama mtoto wa Kizungu, 94 katika kila mia walimtoa bila kukosea. Nayo ndiyo macho tunayoambiwa kuwa hayaoni! Walipoulizwa wangependa kucheza na yupi, thuluthi mbili walimchagua mweupe. Yupi anaonekana mbaya, zaidi ya nusu wakamtaja yule wa hudhurungi. Na walipotakiwa waonyeshe aliyefanana nao wenyewe, wengine waliangua kilio. Majibu hayo yalichapishwa 1947, na Mahakama Kuu ya Marekani, ilipoharamisha 1954 kutenga shule za serikali kwa rangi, iliitaja kazi ya Kenneth Clark katika hukumu yake.

Nani aliwafundisha watoto wale? Hakuna darasa lililowasomesha, kama vile katika Tanganyika ya ukoloni, yenye shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, mtoto aliyepita mbele ya majengo yale hakuhitaji khutuba ili ajue nani ametukuzwa na nani amedunishwa. Kuona tofauti si dhambi. Maana ya tofauti ndiyo mtoto anayoitafuta, na sisi tukinyamaza ataiokota popote. Mtoto wa chekechea anauliza mbona ngozi ya mwenzake mwenye ualbino ni nyeupe, na mwalimu, kwa haya, anamkemea: “Nyamaza, usiseme hivyo.” Muulizaji ameondoka na ilimu moja tu, kwamba ngozi ile ni aibu; na mwenzake, aliyeyasikia yote, ameondoka na iyo hiyo.

Basi, swali lijibiwe papo hapo, kwa ukweli na kwa ufupi: mwili wake hautengenezi rangi ya kutosha, jua humuunguza, mpishe akae kivulini. Picha ukutani na hadithi vitabuni ziwe za watu wa kila namna. Utani wa kikabila wenye kudhalilisha ukatazwe, hata ukitoka kinywani mwa mwalimu. Na siku ya ngoma na vyakula vya makabila, inayofanywa mara moja kwa mwaka, isihesabiwe kuwa ni somo. Waalimu wa chekechea, nawasihi msiliachie darasa la kwanza jambo hili; lianzeni muhula huu.